Dawa nameza, virusi havionekani: hii HPV imetoka wapi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Morogoro, huu ni mwaka wa tisa niko kwenye dawa. Kipimo cha wingi wa virusi kila mara kinasema havionekani. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki nikaambiwa niko salama. Mwezi uliopita pale CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, nikapewa kijiti nijichukulie sampuli mwenyewe, majibu yakarudi nina HPV. Nikaitwa, wakaniangalia tena, wakasema kuna doa jeupe, nikapewa rufaa nikagandishwe au nikatwe kwa waya. Daktari, dawa zangu zimegoma? Au mume wangu ametoka nje? Mwenzangu wa kikundi anasema ukishachomwa huko huzai tena, na mimi natafuta mtoto wa tatu. Halafu binti yangu wa miaka 12 alichanjwa shuleni sindano moja tu. Inatosha? Naomba jina langu usilitaje."

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Dawa zako hazijagoma. Zimetumwa kuzuia VVU visizaliane, na majibu yako ya wingi wa virusi yanaonyesha zimefanya hivyo. HPV ni kirusi kingine kabisa, hakina undugu na VVU, na katika ule mchanganyiko wa tenofovir, lamivudini na dolutegravir hakuna hata kimoja kinachokigusa. Nimewaona akina mama wakitoka chumba cha majibu wanalia kwa sababu ya herufi moja tu, ile ya katikati inayotofautisha HIV na HPV. Wamesikia "chanya" wakadhani kile walichokituliza kwa miaka kumi kimefufuka. Hata kamati ya Nobel iliviweka virusi hivi viwili jukwaa moja. Mwaka 2008 nusu ya tuzo ya tiba alipewa Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyeonyesha kuwa HPV ndiyo inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, na nusu ya pili wakapewa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Ufaransa, waliogundua VVU. Sijui kama waliopanga walifikiria hivyo, lakini kwa sisi tunaowahudumia wanawake wa huku, ule mgao ulikuwa picha halisi ya chumba chetu cha uchunguzi.

HPV yenyewe ni ukoo mkubwa. Zipo aina zaidi ya mia mbili: nyingine huleta chunjua mikononi, nyingine vinyama sehemu za siri, na kama dazeni moja hivi ndizo zenye uwezo wa kuleta saratani. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono hukutana na mmoja wa ukoo huu, na wengi wao mwili huusafisha ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wenyewe kujua lolote. Tatizo ni pale kirusi kinapokaa. Kila seli ya mwili ina breki zake, za kuizuia isigawanyike ovyo. HPV ile ya hatari hutengeneza protini mbili, E6 na E7, na kazi yake ni moja: kukata breki hizo. Wewe wa Morogoro bila shaka umewahi kupita Kitonga. Lori likikatika breki pale juu halipinduki papo hapo, linateremka kwanza, na mteremko ni mrefu. Kwa mwanamke mwenye kinga kamili, kutoka kirusi kukaa hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa, mteremko unafupika, miaka 5 hadi 10. Katikati ya mteremko huo ndipo penye muda wa kulizuia lori, na kwa jinsi ulivyoeleza, doa lako ni lori lililoonekana likiwa bado juu.

Sasa, kama dawa zimekurudishia kinga, kwa nini HPV bado ipo? Hukuniambia uliishi na VVU miaka mingapi kabla ya kuanza dawa, na hilo ndilo swali ambalo ningekuuliza kwanza ungekuwa umekaa mbele yangu. Wengi wa rika lako walikuja CTC baada ya kuanza kuugua, CD4, yaani chembe za kinga, zikiwa zimeshuka sana. Kile kipindi ambacho askari wa mwili walikuwa wamelala, HPV ilipata nafasi ya kuingia na kujenga. Dawa zinawaamsha askari, lakini zinawaamsha wakati mpangaji ameshaweka kitanda. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet HIV yalikusanya takwimu za maelfu ya wanawake wenye VVU, na jibu lake lina pande mbili ambazo zote lazima uzisikie. Wanaotumia ARV walikuwa na HPV ya hatari kwa uchache zaidi, vidonda vyao vya kabla ya saratani vilikuwa vichache, vilivyokuwepo vilirudi nyuma zaidi, na saratani yenyewe ilipungua. Walioanza mapema na kukaa kwenye dawa ndio walionufaika zaidi. Lakini hatari haikufutika. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara 6 wa kupata saratani hii kuliko asiye navyo, na kati ya wagonjwa wote duniani wenye saratani hii pamoja na VVU, asilimia 85 wako Afrika kusini mwa Sahara. Ni sisi.

Kuna jambo nataka nilikiri hapa, kwa sababu linahusu fani yangu. ARV za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, mimi nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa. Tulikuwa tunawapokea akina mama wamebebwa kwenye baiskeli, kilo 34, kilo 36. Miezi sita baadaye wanaingia kliniki kwa miguu yao, wamesuka nywele, wanabishana na nesi kwa nini foleni haisogei. Tulifurahi mno. Tulipima uzito, tulihesabu CD4, tulihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Hakuna aliyemwambia mama hata mmoja apande kitandani aangaliwe mlango wa kizazi. Mwaka wa nane au wa tisa mmoja wao akarudi akitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na majimaji yenye harufu. VVU havionekani, CD4 juu ya 500, kadi yake safi kuliko zote. Saratani ilikuwa imeshafika ukutani mwa nyonga. Zamani asingeishi miaka ya kutosha kuipata. Tulimpa miaka, saratani nayo ilikuwa inaingoja hiyo hiyo miaka, na sisi hatukuangalia.

Na wala lilikuwa si jambo jipya. Marekani, kwa zaidi ya miaka kumi tangu ugonjwa ujulikane, orodha ya magonjwa yanayothibitisha kuwa mtu amefikia hatua ya UKIMWI iliandikwa kwa kuangalia zaidi miili ya wanaume. Saratani ya mlango wa kizazi iliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 1993 tu, baada ya wanawake wenyewe na wanaharakati kupiga kelele, maana asiyeingia kwenye orodha hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakupata msaada. Kwetu huku ilichukua muda mrefu zaidi kuhamisha hilo kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitanda cha uchunguzi.

Waliotuonyesha njia ni Wazambia. Mwaka 2006 Lusaka, Groesbeck Parham na Mulindi Mwanahamuntu waliweka chumba cha uchunguzi jirani kabisa na kliniki za VVU, wakawafundisha wauguzi kupaka siki, kisha kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida ya dijitali. Picha ile ilifanya kazi tatu. Muuguzi aliikuza akaona vizuri, daktari aliyeko mbali aliitazama akatoa maoni, na mwanamke mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, aliona sehemu ya mwili wake ambayo wengine tu ndio walikuwa wakiiangalia. Katika wanawake 6,572 wenye VVU waliopimwa miaka ile ya mwanzo, zaidi ya nusu walikutwa na doa. Zaidi ya nusu! Watafiti wakakadiria kuwa kwa kila wanawake 46 wenye VVU waliopimwa, kifo kimoja cha saratani kilizuiwa. Sina dawa nyingi kabatini mwangu zenye hesabu nzuri namna hiyo.

Turudi kwako. Miaka mitatu iliyopita siki ilikuambia uko salama, leo kijiti kinasema una HPV, na unaona kama mmoja wao amedanganya. Hakuna aliyedanganya. Siki haioni kirusi. Ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, inapakwa, muuguzi anasubiri dakika moja, na pale ambapo seli zimeshaanza kubadilika panageuka peupe. Kirusi kinaweza kukaa pale miaka bila kubadilisha kitu cha kuonekana. Na hata kilichobadilika kinategemea jicho: jicho limechoka au halijachoka, taa inawaka au wanatumia tochi ya simu, siki imechanganywa leo au ya juzi. Uvimbe wa maambukizi ya kawaida nao huweza kuwa mweupe ukamdanganya mtu. Kipimo cha HPV hakitegemei jicho. Kinatafuta vinasaba vya kirusi, na vituo vingine hukifanya kwa mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi ya kifua kikuu. Huko Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, wanawake 6,555 waligawanywa kwa kura, na matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliopimwa HPV wakatibiwa walibaki na vidonda vichache zaidi kuliko waliopimwa kwa siki wakatibiwa. Wanawake wenye VVU waliokuwemo nao walifaidika. Kwa hiyo kijiti ulichojiingiza mwenyewe nyuma ya pazia, ambacho najua wengi mnakidharau kwa sababu hakina daktari wala mataa, ndicho kipimo bora kuliko kile cha kwanza.

Utauliza, kama ni bora hivyo, kwa nini niliitwa tena nikapakwa siki? Kwa sababu ya VVU. HPV ni ya kawaida mno kwa wanawake wenye VVU. Tukimtibu kila mwenye HPV chanya tutawachoma wengi ambao miili yao ingejisafisha yenyewe. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kwa mwanamke mwenye VVU kipimo kianze akiwa na miaka 25, si 30 kama wengine. Kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5 kama ni cha HPV, na kila miaka 3 kama ni cha siki. Na akikutwa na HPV apimwe kwa njia ya pili kabla ya kutibiwa. Wewe njia ya pili imekwambia doa lipo. Kama CTC yenu inawaambia mje kila mwaka, nenda kila mwaka, usiingie kwenye ubishi na nesi kwa kutumia jina langu.

Kuhusu mume wako. Siwezi kumtetea mtu nisiyemjua, lakini karatasi hii haiwezi kumshtaki. HPV inaweza kukaa imelala miaka mingi, ukaipata ukiwa na miaka 20 na kipimo kikaiona una 38. Inaweza kuwa ilitoka kwake kabla hamjaonana, au ilikuwa kwako kabla hamjaonana. Kondomu inapunguza lakini haizuii yote, kwa sababu kirusi hiki kinakaa pia kwenye ngozi ambayo kondomu haifiki. Wanaume hawana kipimo cha kawaida cha HPV wala dawa ya kuiondoa, kwa hiyo ukimpeleka akapimwe utampotezea nauli. Ila kama hajatahiriwa, kuna sababu ya kumgusia: utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kutahiri wanaume wasio na VVU kulipunguza maambukizi mapya ya HPV ya hatari kwa wenzi wao kwa takriban asilimia 23.

Na mtoto wa tatu. Mwenzako wa kikundi hajatunga kitu kutoka hewani, amechanganya tu mambo mawili. Wapo wanawake waliopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road wakapigwa mionzi na hawakuzaa tena, na wapo waliotolewa kizazi chote. Hao walifika saratani ikiwa imekwisha kuwa saratani. Watu wa mtaani wakisikia "alitibiwa mlango wa kizazi" hawatofautishi. Wewe hupelekwi huko. Unatibiwa ili usipelekwe huko. Mwaka 2022 pekee ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii na zaidi ya 6,000 walikufa nayo, na wengi wao walikuja wakiwa wameshachelewa.

Tiba mgando ni hivi. Kifaa kama kitufe cha chuma kinashikishwa kwenye mlango wa kizazi, gesi ya kaboni dayoksaidi au naitrasi oksaidi inakipoza hadi tishu inaganda, dakika 3. Inaachwa iyeyuke dakika 5. Inagandishwa tena dakika 3. Utahisi tumbo kama la hedhi. Siku hizi vituo vingi vina kifaa kingine kidogo cha betri, kinachochoma kwa joto la nyuzi 100 hivi kwa sekunde 20 hadi 40, na ndicho ninachokipenda mimi kwa vijijini, kwa sababu hakihitaji mtungi wa gesi unaoisha katikati ya foleni. Njia hizi mbili zinagusa uso wa mlango wa kizazi tu. Hazifiki kwenye mji wa mimba, mirija wala ovari. Utafaa kwa mojawapo kama doa lote linaonekana, halijaingia ndani ya njia ya kizazi, halijafunika zaidi ya robo tatu ya mlango, na hakuna kinachotiliwa shaka kuwa ni saratani tayari. Njia ya tatu ndiyo hiyo ya waya, LEEP: unachomwa ganzi, kitanzi chembamba chenye umeme kinakata kipande kidogo chenye doa, na kipande hicho kinapelekwa maabara. Hapo unapata tiba na jibu la kinyama, yaani la kipande hicho kilichopimwa, kwa mpigo. Upande wake wa pili ni kwamba kinachokatwa hakirudi, na wanawake waliofanyiwa LEEP, hasa ya kina au zaidi ya mara moja, wana uwezekano ulioongezeka kidogo wa kujifungua kabla ya wakati. Hilo halikuzuii kushika mimba. Linamaanisha kwamba ukishika, siku ya kwanza kliniki ya wajawazito umwambie mkunga.

Ipi bora kwako? Hapa nina utafiti uliofanywa kwa wanawake kama wewe, jirani kabisa. Nairobi, wanawake 400 wenye VVU, wote wamethibitishwa kwa kinyama kuwa na mabadiliko makubwa, nusu wakapigiwa kura ya tiba mgando na nusu LEEP, wakafuatiliwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika jarida la JAMA: mabadiliko makubwa yalirudi kwa asilimia 30 ya waliogandishwa, na asilimia 19 ya waliofanyiwa LEEP. Tofauti hiyo ni kubwa, na inanifanya niseme wazi kwamba kama hospitali ya rufaa ina LEEP, ina mtu anayeijua, na doa lako ni kubwa au limeanza kuingia ndani, mimi ningeichagua. Lakini usiisome vibaya. Saba kati ya kumi waliogandishwa hawakurudiwa ndani ya ile miaka miwili. Kama doa lako ni dogo, na mtoto wa tatu ndiyo mipango ya mwaka huu, kugandishwa au kuchomwa kwa joto leo kuna thamani kuliko LEEP ya ahadi ambayo mtaalamu wake yuko likizo na mashine inasubiri kipuri. Nimeona wanawake wakiingoja tiba bora mpaka kuingoja kukawa ndiyo ugonjwa.

Tazama pia hiyo asilimia 19. Hata LEEP haikuwaponya wote. Kwa mwanamke mwenye VVU tiba yoyote kati ya hizi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi baada ya miezi 12 kupimwa, na ukiwa salama urudi tena baada ya miezi 12 mingine, ndipo uingie kwenye ratiba ya kawaida. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo tunapowapoteza. Vidonge mnavifuata kwa sababu vinaisha. Mlango wa kizazi haugongi hodi.

Kuna mambo madogo ya siku yenyewe. Meza dawa zako kama kawaida, haziingiliani na tiba hii. Kama umechelewa hedhi, sema kabla hujapanda kitandani, maana mjamzito hafanyiwi; anasubiri mpaka ajifungue, isipokuwa kama kuna wasiwasi wa saratani yenyewe. Baada ya tiba utatokwa na maji mengi, wakati mwingine yenye damu kidogo, kwa wiki kama nne. Hiyo ni kawaida. Homa, maumivu makali ya tumbo, damu inayozidi ya hedhi au usaha wenye harufu, hiyo si kawaida, rudi siku hiyo hiyo. Kwa wiki nne hizo usifanye tendo la ndoa, usijisafishe ndani, usiweke kitambaa wala dawa ya kienyeji. Kile ni kidonda kibichi. Najua wiki nne ni ndefu nyumbani kwa watu wengine. Kama mume atakuwa mgumu, mwombe nesi amwite amweleze yeye, wengi husikia zaidi wakiambiwa na mwenye koti jeupe. Ikishindikana kabisa, kondomu bila kukosa.

Binti yako. Kwanza ninafurahi amechanjwa. Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa sindano mbili, na mwaka 2024 ikahamia sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hawakupunguza kwa ubahili, ingawa najua mtaani ndivyo inavyosemwa. Mwanza, wasichana 930 wa umri kama wa binti yako waligawanywa kwa kura kupata sindano moja, mbili au tatu, na karibu wote waliopata moja walitengeneza kinga dhidi ya aina ya 16. Kenya nako wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti wa sindano moja katika Thika, Nairobi na Kisumu. Baada ya miezi 18 chanjo ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi yanayodumu ya aina ya 16 na 18. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwishoni mwa 2022. Lakini soma sharti lake: wale wa Kenya walikuwa hawana VVU. Kwa msichana anayeishi na VVU pendekezo bado ni angalau sindano mbili, na tatu ikiwezekana. Hukuniambia hali ya binti yako, na sikuulizi hadharani. Kama alipimwa akiwa mtoto akatoka salama, sindano moja imemtosha. Kama naye ana kadi ya CTC, mpeleke nayo na kadi ya chanjo, useme alipata moja, waulizie za kuongezea. Pale shuleni wachanjaji hawakujua, na hawakupaswa kujua.

Jina lako silitaji, na maneno mawili matatu ya barua yako nimeyabadilisha ili jirani asikutambue.

Ukifika hospitali ya rufaa, uliza mambo haya kwa sauti yako: doa langu ni kubwa kiasi gani, limeingia ndani au linaonekana lote, mna njia ipi leo, na kama mtanikata, kinyama kitapelekwa wapi na majibu nifuate lini. Wakikwambia gesi imeisha au mtaalamu hayupo, usiondoke na lile neno "utarudi". Omba tarehe, iandikwe kwenye kadi yako ya CTC, na uombe namba ya simu ya chumba chenyewe cha uchunguzi, si ya mapokezi.